Kidevu cha Kijani

Jumatatu, 4 Machi

Habari kubwa! Jabali anapelekwa jukwaani. Jabali wa katuni, shujaa ninayemchapa kwa mikono yangu kila mwezi, mwaka wa kumi na moja huu, kwenye mtambo wetu wa uchapaji! Usaili ni Jumamosi. Nani anamjua kama mimi? Nimewatangazia wenzangu kazini kwamba nafasi ni yangu. Mama mkwe naye nimemwambia. Akanitazama juu mpaka chini, safari fupi, akasema atakuja kukaa mstari wa mbele. Sasa siwezi kurudi nyuma.

Jumanne, 5 Machi

Nimempima Jabali kwa rula. Mabega yake ni upana wa vichwa vinne. Yangu ni kimoja na nusu, nikivuta pumzi. Si neno: nimechana godoro la wageni, nimepata sponji tele. Halafu ana vidole vinne kila mkono! Vidole vyangu vidogo nimevikunja na kuvifunga plasta. Mke wangu kauliza wageni watalala juu ya nini. Watu wengine hawana jicho la sanaa.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa. Shemeji, kaka yake mke wangu, mnyanyua vyuma, naye anagombea! Yule hahitaji godoro. Kaingia kwangu ubavu ubavu, makusudi, eti mlango mwembamba. Kasema watu wanataka kumwona Jabali, si mto. Lakini kuna jambo limempita: kidevu cha Jabali ni cha kijani. Kila toleo! Nimechukua wino kazini.

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji alitangulia. Jabali mwenyewe! Ukumbi ulipiga makofi kabla hajafungua mdomo. Kisha akaufungua. Maneno yenyewe machache, Jabali yuko mbele ya nyumba inayoungua: nipisheni, ndani kuna mtu. Shemeji aliyasema kama anayeuliza choo kiko wapi.

Zamu yangu. Nikanguruma. Bega la kushoto likateremka tumboni. Mchoraji wa Jabali, mama mtu mzima aliyekaa kando ya mwongozaji, akaniuliza kwa upole kidevu kimepatwa na nini. Nikajibu kwa fahari kwamba mimi ndiye mchapaji. Kisha akasema hajawahi kuchora kidevu cha kijani. Ni wino wetu unaovuka mstari, na yeye analalamika kwa barua tangu toleo la kwanza. Na vidole? Huchora vinne kwa sababu ya haraka. Mama mkwe alicheka mpaka akashikiliwa.

Sponji zilikuwa zimetapakaa jukwaa zima. Fundi cherehani wa mavazi, mama mfupi, mnene, tepu shingoni, akapanda kuziokota. Mwongozaji, hoi, akamwomba ayaseme yeye maneno yale basi, angalau wasikie sauti inafikaje nyuma. Akasimama na sponji zake kifuani. Hakupaza sauti hata kidogo.

"Nipisheni. Ndani kuna mtu."

Nikapisha! Haki ya Mungu, nilipisha. Mstari wa mbele wote ulisogeza viti, mama mkwe na mkoba wake, shemeji na mabega yake. Nilimwona Jabali, yule yule, mrefu kuliko mlango. Moshi niliunusa. Mchoraji alijifunika mdomo, machozi yakamtoka, akasema ndiye huyu, ndiye. Sijapata kuona kitu kizuri namna ile tangu nizaliwe. Nililia mbele za watu, wino ukanichuruzika hadi kwenye kola.

Jumapili, 10 Machi

Mwongozaji anatafuta mtu wa akiba, endapo fundi ataugua. Mke wangu kasema bila shaka sasa nimeelewa. Nimeelewa sana! Jabali ni mfupi. Miaka yote hii mchoro ulitudanganya. Nimekata visigino vya viatu vyote. Shemeji, ambaye hana kinyongo, amekubali kunikalia mabegani nusu saa kila asubuhi. Leo tumeanza. Nimejipima: nimepungua nusu inchi.