Kadi Nene ya Profesa

Kahawa haijapoa kibandani kwa Bulandina, muuza kahawa wetu, Faruk akaingia mbio kutoka swala ya Ijumaa. Tunamwita Redio, kwa sababu hazimwi.

"Bantu, watu ya Bwera! Imamu ameshika kadi, anasoma: Mariat binti Muhamood ataolewa na... Akageuza kadi. Akafuta miwani. Hakuna bwana!"

Wote wakanigeukia. Bwana ni mimi, Aziz. Hapa naitwa Profesa, maana printa ya leza ya kwanza soko nzima ni yangu. Na zile kadi nilichapa mwenyewe, ole wangu.

"Jina yako imeenda wapi?" akauliza Baluku, fundi wa plasta, ambaye kwetu ni Simenti.

"Iko kwa kidole ya imamu," akadakia Redio. "Nyeusi tii! Na Hajji Muhamood amesema, kama bwana hakuna, arusi ya Jumapili nayo hakuna."



"Ulichapa juu ya karatasi gani?" Simenti akauliza.

"Manila. Ile nene kabisa. Nilitaka mutu akishika ajue ni arusi ya mutu mukubwa."

Simenti akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

"Profesa! Wino ya leza si ni unga? Printa inaichoma na moto ndiyo ishike. Manila nene hivyo, moto itafika wapi? Hata mimi nikipiga plasta juu ya ukuta kavu, inaanguka. Ungechukua karatasi ya kawaida, ile ya gramu themanini!"

"Nilijua," nikadanganya.

"Umegawa kadi ngapi?"

"Mia mbili."

"Basi kuna nafasi mia mbili ya bwana," akasema Redio. "Nipe biki, niandike yangu."

Tulikuwa tungali tunacheka, mimi nikicheka kwa woga, Hajji Muhamood mwenyewe akatokea mlangoni, kadi mkononi. Nikasimama.

"Aziz. Mutu anashindwa kuchagua karatasi, ataweza aje kuchagua bibi?"

"Hajji, mimi sikuchagua," nikasema, na ilikuwa kweli tupu. "Mariat ndiye alinichagua."

Hajji akafumba macho.

"Kumbe shida iko kwangu nyumbani."

Akatoa biki mfukoni, akainama juu ya meza, akaandika jina langu akikandamiza mpaka manila ikatoboka. Halafu akanitupia hiyo biki.

"Zimebaki mia moja tisini na tisa. Nyumba kwa nyumba. Mariat amesema uanzie kwa imamu, na ubebe sabuni."