Bamia Kwenye Dawa ya Ukungu

Jumatatu, 7 Aprili
Mvua tena! Dawa ya ukungu niliyopulizia nyanya asubuhi imeoshwa yote kabla ya adhuhuri. Meshack, jirani yangu hapa Tengeru, alichungulia juu ya uzio, akauliza kama nalima nyanya au naziogesha. Zake hazina hata doa. Zangu zina mabaka. Shamba ni la mke wangu, Zuleha. Ameniachia msimu huu tu, na ameshaonya nikiliharibu atalichukua.

Nimesoma kwenye simu kwamba wataalamu huchukua dawa ya zamani, wakaondoa kipande kimoja cha kemikali na kupachika kingine, ikashika jani vizuri zaidi. Kipande tu! Mimi nishindwe?

Jumatano, 9 Aprili
Jikoni kuna kitu kinachonata kushinda bamia? Hakuna. Nimechemsha sufuria nzima, nikatia magadi ziteleze zaidi, kisha nikamimina kwenye ndoo ya dawa. Harufu ikabadilika. Nilisisimka! Bomba liliziba mara nne. Nimepulizia mistari yote.

Jumamosi, 12 Aprili
Mvua kubwa. Nimekimbia shambani pekupeku. Dawa ipo! Imeng'ang'ania majani kama kamasi. Meshack alichungulia, akarudi kwenye nyanya zake. Zuleha alisema mengi, kuhusu bamia zake.

Jumatatu, 14 Aprili
Dawa ipo. Ukungu nao upo, na umeongezeka! Nimempelekea chupa ya mchanganyiko wangu Anisha, rafiki wa Zuleha, anayefanya kazi maabara mjini. Akachovya kikaratasi cha kupimia asidi, kikageuka buluu. Akaeleza kuwa magadi yameivunja dawa yenyewe. Kilichonata kwenye majani ni bamia tu.

“Kaka Nasri,” akasema, “kubadilisha kemikali umeweza. Umeibadilisha mpaka imeacha kuwa dawa.”

Nikamwuliza vile vipande vilivyovunjika vimekwenda wapi. Akasahau kunicheka, akavuta kiti, akanichorea molekuli nyuma ya bahasha. Saa nzima! Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Alinisihi nisichanganye chochote tena, nifuate maelezo ya pakiti.

Jumanne, 15 Aprili
Zuleha amechukua shamba lake. Amemwomba Meshack apulizie badala yangu. Meshack! Mimi nimeachiwa mstari mmoja wa pembeni, nusu yake imeshakauka. Nimepokea kwa unyenyekevu.

Nimeitazama ile bahasha tangu alfajiri. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la magadi. Basi kinachotakiwa ni kinyume cha magadi. Nimeshakamua ndimu ishirini.