Nani Anamnyima Ashley Usingizi

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mawingu tangu asubuhi. Chai haina tangawizi. Ashley ametimiza miaka mitatu na miezi miwili leo, na hii ni siku ya tisa hajalala mchana.

Siku tisa! Mtoto ambaye tangu azaliwe alikuwa akifunga saa saba kama ofisi ya serikali na kufungua saa tisa. Sasa hafungi kabisa. Saa saba anaanza kupanga viatu vyangu kwenye sufuria.

Nilikuwa karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi kwa miaka tisa, hadi lilipofungwa, na jambo moja nalijua. Kitu hakipotei chenyewe. Misumari ikipungua, kuna mtu. Usingizi ukipungua, kuna mtu.

Mke wangu Mildred amerudi kutoka kazini saa kumi na mbili unusu, akamkuta mtoto amelia mpaka amelala na shavu ndani ya ugali. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Amesema mama yake, ambaye yuko Lurambi kwa mdogo wake akitibiwa goti, anarudi kwake Malava Jumamosi. Kama kufikia siku hiyo mtoto hana utaratibu, ataenda na bibi yake hadi shule zifunguliwe Januari. Nimemwambia mtoto huyu ana baba. Amejibu kwamba ndiyo, amemwona.

Nimeinakili hiyo "amemwona" kama ilivyosemwa.

Mshukiwa wa kwanza: mama mkwe. Anafaidika. Tatizo ni kwamba hawezi kufika. Mama mkwe wa kwetu haji kwa mkwe bila kutuma habari, hanipi mkono, halali kwangu, na chumba nilichomo haingii. Tangu nimwoe Mildred sijawahi kumkaribia zaidi ya urefu wa ng'ombe wawili. Kwa hiyo ana wakala.

Mshukiwa wa pili: Quinter, jirani, anayekaanga mandazi nje ya lango letu. Anacheka sana kwa mtu anayesimama juani.

Jumanne, 4 Novemba

Mpango wa kwanza: obusuma, ugali wa kwetu. Tumbo likijaa, macho yanafunga. Nimesonga bonge la watu wanne, na mchuzi wa ingokho juu yake. Ashley amekula matonge matatu, akauliza kuku huweka wapi masikio, akashuka kitini. Nimemalizia sahani yake chakula kisiharibike. Nikamalizia na yangu.

Kisha nikalala kando yake mkekani kumwonyesha mfano. Nikafumba macho. Dakika mbili, si zaidi.

Saa ya ukutani ikasema ni saa tisa na dakika hamsini!

Haiwezekani. Mtu ameichezea hiyo saa.

Mengine niliyoyaona, kwa mpangilio: Ashley yuko macho, ameketi karibu na mlango, anatafuna muwa. Hatuna muwa. Mimi nimefunikwa leso ya kijani tumboni. Hatuna leso ya kijani. Mlango nilioufunga uko wazi.

Nimemhoji shahidi. Nani amekupa muwa? Amesema, "Kukhu." Kukhu ni bibi, lakini Ashley humwita hivyo kila mtu: fundi wa viatu, paka, hata ng'ombe aliye kwenye kalenda. Nimeandika: shahidi haaminiki.

Jioni amekula mwenyewe na kulala saa moja na nusu, kabla sijamaliza kushusha pazia. Hakulia. Hiyo nayo inatia shaka. Mildred amekunywa chai akiwa ameketi, kikombe kizima, kikiwa bado cha moto. Nimemwambia asifurahi mapema.

Jumatano, 5 Novemba

Kliniki, kupima uzito. Nimebeba daftari. Muuguzi Jepkemboi amelisoma kurasa mbili, akalifunga polepole. Amesema hakuna aliyeiba kitu. Watoto wengi wakishapita miaka mitatu huacha wenyewe kulala mchana, wengine huendelea hadi miaka minne au mitano. Kama usiku analala vizuri na mchana anacheza bila kulialia, niache kumlazimisha. Saa ya kulala niifanye saa ya utulivu: vitabu, vifaa vya kuchezea, bila kelele. Na alazwe mapema jioni.

Halafu akaniuliza mimi hulala saa ngapi. Swali la kunitoa kwenye hoja.

Nilikuwa karibu kumwamini. Lakini mezani kwake palikuwa na mandazi mawili yaliyofungwa kwa gazeti. Gazeti! Najua ni nani anayefunga mandazi kwa gazeti.

Mpango wa pili: kumchosha. Tumepitia bustani ya Muliro tukakimbia kuizunguka. Mzunguko wa kwanza alinitangulia kidogo. Wa pili alinitangulia sana. Wa tatu niliuongoza nikiwa nimeketi kwenye benchi. Wanafunzi wawili walinipigia makofi.

Nyumbani mvua ilianza kupiga mabati. Nilifumba macho ili niisikilize vizuri.

Saa tisa na dakika hamsini na tano. Leso ile ile. Na kichwani kwa Ashley, upande wa kushoto, mistari miwili ya nywele imesukwa. Safi, imenyooka. Asubuhi haikuwepo.

Mtu anaingia katika himaya yangu na kusuka!

Jumatano hiyo hiyo, baada ya chakula. Nilimuuliza Quinter, kwa ujanja, kama amemwona mgeni yeyote. Akasema, "Mgeni? Hapa? Baba Ashley, wewe si ndiye askari wa hii boma, unashindanga hapo ndani siku mzima?" Akacheka hadi mafuta yakaungua.

Jumla ya kucheka: mara tatu.

Alhamisi, 6 Novemba

Mpango wa tatu, wa kisayansi. Nimetundika blanketi dirishani kuleta giza. Nimenyunyiza unga wa mahindi mlangoni na kwenye veranda. Mwenye kuja ataacha nyayo. Kisha nikajilaza, macho nusu.

Macho nusu ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani.

Saa kumi kamili. Ripoti ya nyayo: vidole vya Ashley kila mahali, pamoja na tumbo langu. Na ndala kubwa, za mtu mzima, zimevuka veranda kutoka upande wa ua wa nyuma. Mguu wa kushoto unaburutwa. Zimefika kizingitini. Zikasimama hapo, mbili sambamba, vidole vikinielekea mimi. Hazikuingia! Kando yake alama pana ya mtu aliyeketi. Kisha zikarudi zilikotoka.

Mwizi gani anakuta mlango wazi na haingii? Kizingiti kile kina nini? Nimekikagua. Ni mbao tu.

Mistari ya nywele: sita.

Mildred ameuliza nani anamsuka mtoto. Nimesema ni mimi. Ametazama vidole vyangu kwa muda, akaendelea kula. Kisha akauliza unga umeenda wapi.

Nikimlaza Ashley ameuliza kama Malava kuna baba. Nimesema yuko babu. Akasema, "Si huyo. Huyu." Akaniwekea mguu shingoni, kama anavyolala siku zote, akasinzia hapo hapo. Nilikaa nusu saa bila kusogeza shingo.

Sitakubali aende. Kesho namkamata mtu.

Ijumaa, 7 Novemba

Saa sita na nusu. Mtego uko tayari. Kamba kwenye veranda, hatua moja kabla ya kizingiti, imefungwa vifuniko saba vya sufuria. Blanketi la dirishani liko mkononi. Joto ni kali, nimebaki na fulana na kaptura yangu ya mpira ya kidato cha nne, ile iliyopasuka nyuma. Nimekunywa kahawa nzito vikombe viwili. Leo sifumbi hata jicho moja.

Saa kumi na moja jioni. Naandika kwa sababu rekodi ni rekodi.

Vifuniko vililia. Niliruka kutoka mahali fulani mbali sana, nikiwa bado sijafungua macho. Nilirusha blanketi. Nililikumbatia lile umbo kwa nguvu zangu zote na kupiga kelele, "Nimekushika! Leo nimekushika!" Ashley akapiga makofi. Quinter akaja mbio na kijiko cha kutolea mandazi.

Ndani ya blanketi sauti ikanisalimu, taratibu kabisa:

"Mulembe, mkwe."

Nimemkumbatia mama mkwe.

Nimemkumbatia mama mkwe! Kwa mikono miwili, katika fulana.

Nilimwachia. Niligeukia ukuta kwa heshima, nikakumbuka kaptura imepasuka nyuma. Nikageuka upande wa pili, Quinter alikuwa huko. Nilibaki nikizunguka. Mwishowe Ashley aliniletea leso ya kijani.

Quinter ndiye aliyeeleza, kwa maana mimi na mama hatukuweza kutazamana. Jumanne alimkuta Ashley langoni peke yake, bila viatu, anaomba mandazi. Akapiga hodi mara nne. Alichosikia ni mkoromo. "Baba Ashley, unakoromanga kama posho mill! Wateja wangu waliuliza ni mashine gani." Akampigia simu mama mkwe, mama Khalayi, huko Lurambi. Mama akaja na boda, na goti lake hilo. Siku zote nne.

Hakuweza kuingia, mkwe amelala pale wazi wazi. Kwa hiyo aliketi kizingitini, akamsuka mtoto, akamtuma na leso anifunike tumbo ili angalau asilione. Kila mkoromo ukibadilika alijua naamka, akaondoka kwa kupitia ua wa nyuma nisije nikaaibika.

Quinter akaongeza, "Watu walikuwa wanakustahi, sasa ona umewashikilia na blanketi."

Nilimuuliza kuhusu saa ya ukutani. Alisema hajui lolote. Nimeandika hivyo.

Jumamosi, 8 Novemba

Kikao. Mama mkwe kwenye veranda, mimi jikoni, Mildred mlangoni katikati akibeba maneno huku na huko, ingawa kila mtu alisikia kila kitu.

Kwanza faini. Mkwe akimgusa mama mkwe lazima atoe kitu. Nilipendekeza kuku mdogo mweusi. Mama alimwambia Mildred aniambie kwamba kuku mdogo ni wa mkwe aliyemgusa kidogo. Basi jogoo wangu mwekundu. Miaka miwili nimemlea.

Kisha suala la Ashley. Nilishika ukingo wa sinki. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa tatu, yenye nyongeza.

Mama alisema amemtazama mtoto siku nne, na ya asubuhi na jioni amemuuliza Mildred. Anaamka saa kumi na mbili, anacheza mchana mzima bila kununa, jioni anakula, saa moja na nusu analala bila kilio. Wiki iliyopita alilia kwa sababu kila saa saba alikuwa analazimishwa mkekani, na jioni anacheleweshwa. Huo usingizi wa mchana ameuacha, kama alivyoacha kunyonya. Atibiwe nini?

Mildred akauliza kama basi ataenda naye.

Jogoo akawika, hana habari.

"Nimchukue aende wapi," akasema mama Khalayi. "Nikimwondoa huyu, nani atabaki kumwangalia baba yake?"

Mildred alicheka hadi akaketi kizingitini. Quinter alicheka langoni, na hakuwa amealikwa. Ashley alicheka kwa sababu wote walicheka.

Anabaki! Nimesimama jikoni na kufuta uso kwa kitambaa cha vyombo. Vitunguu. Hatukuwa na vitunguu, lakini ndivyo nilivyomwambia Mildred.

Masharti: komeo lipandishwe juu ya mlango, na mchana Quinter achungulie. Mama mkwe ameondoka na jogoo wangu kapuni, shingo nje, akinitazama mimi hadi kona. Leso ya kijani ameiacha. Amesema nitaihitaji.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimesoma daftari zima upya. Matokeo: Ashley amebaki, analala mapema, Mildred anakunywa chai ya moto. Yote haya yametokea baada ya mimi kuanza mipango yangu. Nimeandika: mipango imefaulu.

Bado kuna jambo moja ambalo hakuna aliyelieleza. Saa ya ukutani. Siku tatu mfululizo imeruka zaidi ya saa mbili, na watu wote wanajifanya hawaoni. Mama mkwe hakuingia ndani, hilo nimelithibitisha kwa unga. Ashley hafiki. Yule wa langoni ana mikono mirefu.

Tumeanza "saa ya utulivu" ya muuguzi. Ashley ameipenda. Anatandika mkeka, ananilaza, ananifunika leso, ananipigapiga mgongo na kuniambia nifumbe macho, Kukhu hapendi kelele. Namwacha aamini kwamba ananilaza mimi. Hiyo ndiyo mbinu. Atachoka kubembeleza, atasinzia mwenyewe, na usingizi wa saa saba utarudi nyumbani humu. Komeo limefungwa. Leo sitegemei ya ukutani. Nimevaa saa ya mkononi, na juu yake nimevuta soksi mtu asiiguse. Saa saba kamili. Dakika mbili tu.

Saa kumi kasorobo.

Hata ya mkononi wameifikia.