Mwanamke Aliyemo Ndani ya Maiki

Kwa Kaka Muuza Maiki,
Duka la vyombo vya muziki, ghorofa ya juu ya kinyozi.

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo na mzigo mpya umeshaupanga kwenye rafu. Sisi hatujambo, isipokuwa mtoto anaota jino na nyumba nzima inaota naye.

Mimi ni yule mama aliyekuja na mtoto mgongoni, ukamwacha atafune waya wa kuonyeshea wateja. Nilikueleza shida yangu. Jumatatu narudi kwenye kazi yangu ya kushona baada ya likizo ya uzazi, na mwanangu hajui kulala mchana bila mimi kumwimbia. Atabaki na mama mkwe, mtu mwema sana, ila akianza kuimba hata yeye mwenyewe huachia njiani. Nikataka nirekodi wimbo wangu wa kumbembeleza, utoke safi, bibi yake awe anabonyeza tu. Ulinisikiliza kwa adabu, ukanishauri nichukue maiki ya USB, ya kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, kwamba haina mambo mengi. Nakushukuru. Kweli haina mambo mengi. Ina jambo moja tu, nalo ndilo lililonishikisha kalamu.

Ndani ya maiki uliyoniuzia mna mwanamke.

Naomba usicheke kabla hujamaliza kusoma. Hoja zangu nimezipanga kwa namba ili usipate tabu.

1. Maagizo yako niliyafuata yote. Nilifunga dirisha, nikatundika blanketi ukutani, nikaiweka maiki shubiri moja kutoka mdomoni, nikazima feni, nikamtoa mume wangu chumbani. Nikaimba. Niliporudisha nisikilize, akaimba mtu mwingine. Wimbo ni wangu, maneno ni yangu, hata nilipokosea alikosea palepale. Lakini sauti nyembamba, inatokea puani, kama ya mdogo wa mtu anayeomba ruhusa ya kwenda mahali. Mimi sauti yangu naijua, naisikia kila siku. Ni nzito, imetulia, ina asali kidogo. Sijisifu, nakupa maelezo ya bidhaa.

2. Nilirudi kwako nawe ukanibadilishia bila kinyongo. Ulisema ile ya kwanza husikia pande zote, na hii ya pili husikia mbele tu, kwa hiyo inafaa nyumba yenye watu. Nikaona sawa, huenda huyo mwanamke alikuwa amekaa pembeni. Kumbe wapi. Kwenye hii ya pili ndiyo amesogea karibu zaidi, unamsikia mpaka anavyomeza mate.

3. Ukanipa ya tatu, yenye sifongo kichwani, ukasema inazipenda sauti za kike. Yuleyule. Kaka, maboksi matatu, viwanda tofauti, mwanamke mmoja. Nimewaza sana huku nafua nepi. Ama walimrekodi mama mmoja wakamgawa kwenye mzigo wote, ama anahama maiki hadi maiki akinifuata mimi. Kama ni hilo la kwanza, mlipeni haki yake maana anafanya kazi nyingi. Kama ni la pili, nataka kujua ananitakia nini.

4. Mashahidi. Mume wangu, ambaye ni fundi friji, alisikiliza akasema si ndiyo wewe huyu mke wangu, mbona kawaida. Ushahidi wake usiupokee, yeye ndiye aliyekuwa akibeba maboksi na amechoka kupanda ngazi zako. Jirani yetu msusi naye akasema ni mimi mtupu, lakini yule hata akikuharibia nywele anakwambia umependeza. Mama mkwe alifumba macho, akasikiliza hadi mwisho, akasema hiyo ni sauti ya mama yangu mzazi anapopiga simu kuulizia hali. Hapo nilirudisha nikasikiliza tena. Ni kweli mama yangu sauti yake ni nyembamba na inatokea puani, tumemcheka nayo miaka yote, kwa mapenzi lakini. Hata hivyo naona mama mkwe amezidi kuniunga mkono bila kujua. Kama ni ya mama yangu, basi si yangu.

5. Hili ndilo kubwa. Siwezi kwenda kazini asubuhi mpaka jioni nikamwacha mwanangu anaimbiwa na mtu nisiyemjua, hata kama maneno anayajua. Atamzoea. Mwisho atamwita mama. Ndiyo maana sijamsikilizisha hata mara moja. Nikijaribu mitambo namziba masikio.

Kwa hiyo naomba unipatie maiki isiyokuwa na mtu, tupu kabisa. Kama haipo, waandikie kiwandani wamwondoe huyu kwa upole, pengine naye ana watoto. Na kama hilo nalo litashindikana, basi tafadhali mpigie mwenye karakana yangu ya kushona, umweleze kitaalamu kwamba kuna hitilafu, aniongezee likizo mpaka mtoto aanze shule. Wewe ukisema atakuelewa. Mimi nikisema ataona natafuta sababu.

Nisalimie kinyozi wa chini na wote wanaokaa kwenye benchi lake bila kunyolewa. Mume wangu anakusalimu, amekaa kwanza.

Ni mimi mteja wako ambaye bado hajakata tamaa,
Mama wa yule aliyetafuna waya.

Nyongeza: Barua nilikuwa nimeshaifunga. Nikatoka kuanika nguo, nyuma mtoto akaanza kulia, na mama mkwe, ambaye si mtu wa kuulizauliza, akambonyezea yule mwanamke. Nilikimbia na vibanio mkononi. Kufika mlangoni, kilio kimekatika. Mwanangu alikuwa ameigeukia kompyuta, ameinyooshea mikono, anataka abebwe. Na huyu hata shangazi yake wa damu hambebi bila vita. Nikajibanza nyuma ya pazia asinione. Wimbo haujaisha, akawa amelala.

Basi kaka, usimwondoe. Kiwandani usiandike, na mwenye karakana usimwambie kitu. Jumatatu naenda kushona. Huyo mwanamke atabaki na mtoto.