Mlango wa Makumbusho ya Runingu

Mheshimiwa mwakilishi wa Mheshimiwa aliyeshindwa kufika. Mapadri, wachungaji na mashehe mliotoka Uvira na jua hili. Wakuu wa kimila, mama wa soko, vijana wenye diplome na wasio nazo. Na mimi mwenyewe, Mkurugenzi wa Utamaduni, Uzuri na Maendeleo Endelevu: salaam! (Makofi. Mbuzi analia.)

Leo, kufuatia étude ya projet, yaani utafiti wa mradi, étude ya kuthibitisha étude hiyo, na semina kumi na nne tulizozivumilia hotelini ufukweni, tunafungua Makumbusho ya Michoro, ghorofa mbili, yaliyokamilika kwa asilimia tisini na nane, kwa heshima ya binti wa Runingu, Mama Kankindi, anayechora bonde la mababu zake kwa udongo wa bonde lenyewe, kama alivyofundishwa na marehemu mama yake. (Vigelegele.) Tafadhali, kwa sababu za usalama, mtu asizunguke nyuma ya matenti!

Na kwa kuwa udongo ule mwekundu ni urithi wetu sote, ofisi yangu, bila kuombwa na mtu, iliuzungushia seng'enge ile pale kando miaka mitatu iliyopita, asiuguse mtu. (Mama Kankindi: “Hata miye?”) Hata weye, mama! Hasa weye, maana takwimu zinaonyesha kwamba mchimbaji namba moja ni wewe! (Kicheko. Mkurugenzi anainama kushukuru.)

Tazameni picha yake mpya, nyeupe tupu: ukungu wa asubuhi juu ya mto Ruzizi! Wataalamu wa Ulaya watalia!

(Mama Kankindi: “Mheshimiwa, hiyo haiyachorwa. Rangi yangu iko mu seng'enge yako, pale mama aliponionyesha kuchimba. Miaka tatu sichore kitu. Nitakufa na hizi picha mu kichwa?”)

Unyenyekevu wa wasanii, ndugu zangu! Umeniliza. Sasa, mkasi ukiwa haujapatikana, nakata utepe kwa koleo hili la kukatia waya. (Utepe unakatika mara ya tatu.) Sanaa, oyee! (“Oyee.”) Udongo wetu, oyee! (Mama Kankindi peke yake: “Oyee!”)

Nimalizie kwa shukrani. Asante Mama Pudentienne, uliyetuazima matenti ya matanga, yanayopendezesha pande zote mbili za mlango. Asante wahandisi wetu kwa asilimia tisini na nane, yaani seng'enge. Asilimia mbili zilizobaki ni huu mlango, na asante fundi Ismaili wa mtaa wa Songo, uliyeuazima pamoja na fremu yake; utarudishwa leo kabla ya mvua, kwani mwenye nyumba ulikoung'oa amelalamika. Ghorofa zenyewe, Mungu akipenda, tutazifanyia étude. Asante pia kwa koleo, Ismaili, shika... Koleo liko wapi? Mama Kankindi! Unalipeleka wapi? Mama, seng'enge ile ni makumbusho!

(Ta! Waya wa kwanza wa seng'enge unakatika. Makofi, yasiyoamrishwa na mtu.)