Sote Tulizaliwa Tarehe Moja

Jumamosi, 27 Desemba 2025

Wazo limenijia nikinywa chai. Wazo kubwa! Hoteli moja ya Nairobi, ghorofa kumi na moja, imetangaza kwenye simu: ukilala kwao siku uliyozaliwa, chumba bure, keki bure, wewe na mwenzako mmoja. Lete kitambulisho tu. Nimekimbilia kabati. Mama: tarehe moja Januari. Sadiya, mke wangu: tarehe moja Januari. Mimi, Dadacha: tarehe moja Januari! Karani wa vitambulisho aliyekuja Merti, kijijini kwetu, zamani hizo hakuwa na subira na watu wasiojua tarehe zao. Aliandikia kijiji kizima tarehe hiyo moja. Nimemlaumu miaka mingi. Leo nimemwombea dua.

Mama anaipenda Nairobi kuliko miji yote. Alifika mara moja tu. Akapanda lifti, ikakwama ghorofa ya tatu, akashushwa kwa ngazi. Tangu hapo ana swali moja: huko juu kuna nini? Nilimwahidi nitamfikisha. Ahadi hiyo ina miaka kumi na sita sasa, na magoti yake hayanisubiri.

Jumapili, 28 Desemba

Mabasi yote yamejaa watu wa sikukuu. Imebidi nimwendee Mamo, mume wa dada yangu Qabale. Ana pikapu ya kupeleka maziwa ya ngamia Eastleigh, huko huko Nairobi. Mtu asiye na wazo hata moja kichwani, lakini ana gari, kwa hiyo Mama humsifu asubuhi na jioni. Nimemwita shemeji mara tatu. Amekubali haraka mno. Inaudhi!

Kisha akauliza kama naye atapata keki. Nikamwambia atoe kitambulisho. Kumi na nne Agosti! Alizaliwa hospitali, na kadi ya kliniki bado anatembea nayo. Nikampa pole. Nikamweleza kwamba hii ni safari ya wenye siku yao, yeye atalala garini. Nimefurahi siku nzima.

Jumanne, 30 Desemba

Mazoezi. Nimewapanga Mama na Sadiya sebuleni, nikawafunza kuingia hotelini kwa kujiamini. Sadiya ameuliza kama watu watatu wa nyumba moja, siku moja, hawatashangaza. Nikamjibu kwamba kushangaza si kosa la jinai. Mama amekataa wimbo wa bathdei. Anasema hajawahi kuona mtu mzima akiimbiwa kwa kuzeeka. Badala ya kuimba amejaza mtungi maziwa ya ngamia, awapelekee watu wa hoteli. Haendi kwa watu mikono mitupu.

Alhamisi, 1 Januari 2026

Nyumba ya balaa!

Tulifika saa tano. Msichana wa mapokezi, Wendy, alitukaribisha vizuri, akapokea maziwa, akapokea vitambulisho. Akavipanga mezani. Akavitazama. Akatutazama. Akamwita meneja, Bwana Kiarie, mtu wa tai na miwani. Kiarie akataka kujua nani ni nani. Nikasema kwa sauti: mama, mwanawe, na mke wa mwanawe. Wendy akakohoa. Akasema kwamba kwa mujibu wa serikali, mwana amemzidi mamake miaka miwili.

Ikabidi nieleze. Siku ya karani, foleni ya vijana ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Foleni ya wazee ilikuwa na watu wanne. Nikasimama hapo. Karani hakuinua kichwa, akaniandikia mwaka wa wazee. Mama alimtazama karani vizuri, naye akampunguzia miaka. Kosa langu liko wapi? Kiarie alitaja kughushi mara mbili. Nikamwambia atazame sura zetu tu, aone nani mzee. Akatazama. Akarudia kunitazama mimi, na hilo liliniuma.

Mama akachoka. Akapiga meza. "Huyu nimemzaa mimi! Karani alikuwa wapi?" Akaongeza kwamba hata hivyo tarehe hiyo ni ya karani, si yake. Yeye alizaliwa Gardaduma, moja ya zile siku ishirini na saba za Waborana zinazozunguka na kurudi, na Gardaduma ilikuwa Jumatatu iliyopita. Angekuja Jumatatu, lakini mwanawe hakumuuliza.

Nilitamani ardhi inimeze. Wendy alicheka hadi akafuta machozi. Kiarie naye akalegea. Akaamua kwamba Mama atapewa chumba na keki kwa kusema ukweli. Ila mwenzake awe mtu mwenye kitambulisho kisicho na maswali.

Wote wakamgeukia Mamo, aliyekuwa ametubebea mtungi wa maziwa hadi ndani.

Ijumaa, 2 Januari

Mimi na Sadiya tumelala ndani ya pikapu, katikati ya mitungi mitupu. Tangu jana Sadiya ananiambia neno moja tu: sogea.

Asubuhi nikaenda hotelini. Askari wa geti akanizuia, amri ya Kiarie. Akaniarifu kwamba Mama ameshapanda na kushuka kwa lifti mara tisa, na shemeji ndiye anayebonyeza. Tukazozana. Hatimaye Mama akatoka, akanishika mkono. Huko juu, alisema, kuna tangi la maji na shuka zimeanikwa. Basi! Miaka yote hiyo! Nikadhani amevunjika moyo. La, alikuwa anang'aa. Akasema ukisimama kando ya tangi unauona mji wote, na kwamba aliniona mimi pale getini, mdogo, nikirusha mikono, akanipungia sana. Mimi sikumwona. Akasema nimemfikisha, Mungu anibariki. Nilifurahi kweli, hata nikamsalimia Mamo.

Jumamosi, 3 Januari

Tumerudi Isiolo. Mtaa wetu wa Bulapesa mzima umeshasikia habari ya lifti, na katika habari hiyo mimi simo. Ni Mamo aliyebonyeza, Mamo aliyebeba keki, Mamo, Mamo. Sokoni madalali wenzangu wanamwita Bwana Lifti. Na wazo lilikuwa la nani?

Lakini leo, nikisubiri mnunuzi wa mbuzi, nimepiga hesabu. Gardaduma hurudi kila baada ya siku ishirini na saba. Yaani Mama anazaliwa mara kumi na tatu kwa mwaka! Nimekimbia nyumbani kumuuliza siku yangu. Sonsa, siku inayofuata Gardaduma! Tukilala hotelini siku mbili, tunazimaliza zote. Hakuna karani, hakuna kitambulisho, ukweli mtupu, na ukweli ndio Kiarie anaoupenda.

Inayofuata ni Jumapili, tarehe ishirini na tano. Nimempigia Wendy. Nimesema salaam aleikum, ni Dadacha wa Isiolo, na simu ikakatika. Nimepiga tena mara nne, inakatika palepale kwenye jina. Mtandao wa Nairobi ni mbovu ajabu. Nimemwambia Sadiya aanze kufua nguo za safari.