Kofia Arobaini na Moja za Kuwaokoa Dubu

Jumanne, 14 Machi
Dubu wa Ziwa, timu yetu ya hoki ya barafuni, wamefungwa tena. Sita kwa moja! Mechi ya nane mfululizo. Kipa wetu aliteleza akiwa amesimama tu.

Bado tuna nafasi. Tukiwashinda Mbwamwitu Jumamosi, tunaingia mtoano. Tusiposhinda, Baba hatalipia tena viti vyetu viwili vya safu ya tisa. Mimi na Babu tumekaa pale tangu nikiwa na miaka minne. Baba amesema amechoka kununua huzuni. Babu aliendelea kupaka jemu kwenye chapati ya maji mpaka ikafunikwa kabisa.

Lazima nifanye jambo.

Jumatano, 15 Machi
Mpango umepatikana! Mchezaji akifunga mabao matatu peke yake, uwanja mzima humtupia kofia barafuni. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Lakini msimu huu hakuna Dubu aliyefikisha matatu, na watu sasa huacha kofia garini. Fikiria: mshambuliaji anatazama jukwaani, anaona vichwa vitupu. Atapata wapi moyo?

Bwana Ouellette, mtunzaji wa shule, amenipa sanduku lote la vitu vilivyosahauliwa. Kofia arobaini na moja! Amesema nisimlaumu kwa chawa.

Odette Pelkey, anayewashabikia Mbwamwitu kwa sababu tu wanashinda, aliuliza kama nimefungua duka la mitumba. "Thea mwenzangu, hizo kofia wekeni golini. Labda litazibika!"

Nilimtazama kwa hadhi.

Ijumaa, 17 Machi
Nimemwandikia Rasmus Tveit, mshambuliaji wetu. Aya tatu, kwa adabu. Nimemweleza kwamba kofia ziko tayari na kwamba asihisi shinikizo lolote.

Jumamosi, 18 Machi
Niandike ukweli.

Niligawa kofia safu ya nane hadi ya kumi. Babu alichukua ya waridi yenye masikio, akaivaa bila kulalamika. Tveit akafunga! Kisha likaingia la pili, nami nikahesabu. Mbwamwitu nao wakapata mawili. Zikiwa zimebaki dakika tano, kisahani kinachochezwa badala ya mpira kikazama wavuni, Tveit akainua mikono. Tatu kwa mbili! Matatu yake!

Nilikuwa wa kwanza kutupa. Zikafuata arobaini, kisha za uwanja mzima, na kiatu kimoja.

Kumbe bao la pili liligusa fimbo ya Haglund, Dubu mwenzake, likaandikwa la Haglund. Lilitangazwa mapema, wakati nikimtafutia mama mmoja kofia inayomtosha. Tveit alikuwa na mawili tu.

Refa alikuwa ameshatuonya kwa sababu ya bisi zilizorushwa. Safari hii akatuadhibu: Dubu mmoja nje, dakika mbili. Mbwamwitu wakasawazisha papo hapo. Kisha Haglund, akikimbia na kisahani, akakanyaga kofia moja iliyosahaulika. Ya waridi. Yenye masikio.

Akaanguka, Mbwamwitu wakakinyakua na kufunga. Tatu kwa nne. Msimu umekwisha.

Jumapili, 19 Machi
Odette alikuja mpaka mlangoni kunishukuru kwa niaba ya Mbwamwitu. Alileta keki. Baba aliipokea!

Baba amepiga simu uwanjani. Viti si vyetu tena. Nililia chooni ili nisimsumbue mtu. Babu alibisha hodi, akasema kupitia mlango kwamba hiyo ndiyo mara pekee msimu huu aliyoona uwanja wote umesimama. "Toka basi, mjukuu wangu. Baba yako anaimaliza keki."

Jumapili, 26 Machi
Babu amekata tiketi za viti viwili vya msimu ujao yeye mwenyewe! Ni vya bei nafuu, nyuma kabisa ya benchi la wageni. Nilimkumbatia mpaka miwani ikamtoka.

Nimetafakari kwa makini na nimeliona kosa langu. Kosa lilikuwa kofia. Kofia huanguka barafuni. Sauti haianguki popote, na benchi la wageni litakuwa hatua mbili tu kutoka mdomoni mwangu.

Nimeazima tarumbeta ya shule. Mwalimu wa muziki anasisitiza nipulize polepole. Maskini, hajui hoki.